Mwongozo wa Tandauni: Jinsi ya Kuchagua Transmita ya Shinikizo kwa Kazi ya Kiwandani

Maswali ya wanaoanza kazi ya ala za upimaji hufanana sana. Mmoja huuliza kama transmita ya shinikizo (ala inayopima shinikizo na kulituma kama ishara ya umeme) yenye uwiano wa 200:1 ni bora mara nne kuliko ile ya 50:1. Mwingine huuliza kama anaweza kununua transmita za bari 40 peke yake, akaziweka stoo, kisha akazitumia kila mahali kwa kubadilisha tu mipangilio. Wa tatu huwa ameshaifunga transmita yake, ameibana kwa mipangilio ipime milibari chache, na sasa anashangaa kwa nini namba kwenye skrini haitulii. Maswali yote matatu yana jibu moja, nalo limo katika uwiano ambao hapa tutauita tandauni (kwa Kiingereza turndown). Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua hadi uweze kuichagua transmita kwa hesabu yako mwenyewe, bila kutegemea namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usianze kulinganisha transmita kabla ya kuwa na mambo yafuatayo mbele yako, kwa sababu ukikosa hata moja utalazimika kukisia.

- Karatasi kamili ya data ya kila transmita unayoifikiria. Kipeperushi cha mauzo hakitoshi, kwa kuwa mara nyingi hutaja usahihi mmoja tu, ule mzuri kuliko wote.
- Shinikizo la chini, la kawaida na la juu la mfumo wako, pamoja na hali za kuwasha, kusafisha na kuzima mtambo.
- Shinikizo kubwa kabisa linaloweza kuifikia transmita endapo vali itafungwa ghafla au pampu itasukuma bila njia ya kutokea.
- Halijoto ya mahali transmita itakapofungwa, kuanzia saa ya baridi zaidi hadi saa ya joto zaidi.
- Kosa unaloweza kulivumilia, likiwa limeandikwa kwa bari au milibari na si kwa asilimia.
- Muda utakaopita kati ya kalibresheni moja na nyingine (kuilinganisha transmita na kifaa sahihi zaidi na kuirekebisha), kwa uhalisia wa kiwanda chako, si kwa matarajio.

Kipengele cha tano ndicho ambacho wengi hukiruka. Mhandisi wa uzalishaji akikuambia anataka "usahihi wa hali ya juu", mrudie na umuulize: kipimo kikikosea kwa milibari 10, je, kuna jambo litakaloharibika? Jibu lake litaamua ununuzi wako kuliko kitu kingine chochote kilichomo katika mwongozo huu.

Maana ya tandauni, kwa ufupi

Kila transmita ina kihisi, na kila kihisi kina kikomo cha juu cha shinikizo kinachoweza kulipima. Karatasi za data hukiandika kikomo hicho kwa herufi URL. Wewe mtumiaji huchagua sehemu ya uwezo huo unayotaka kuitumia: thamani itakayotoa miliampia 4, yaani mwanzo wa ishara ya umeme ya transmita, inayoandikwa LRV, na thamani itakayotoa miliampia 20, yaani mwisho wa ishara hiyo, inayoandikwa URV. Tofauti kati ya thamani hizo mbili ndiyo upana wa kipimo. Tandauni ni URL ikigawanywa kwa upana huo. Kihisi cha bari 10 kilichowekwa kupima kuanzia sufuri hadi bari 1 kina tandauni ya 10:1, na kihisi hicho hicho kikiwekwa kupima hadi bari 5 kina tandauni ya 2:1.

Namba inayotangazwa na mtengenezaji, kama vile 100:1, ni kikomo cha ruhusa. Inakueleza kwamba kihisi cha milibari 250 kitakubali kuwekwa hadi upana wa milibari 2.5. Haikuelezi kwamba ukifika huko kitapima vizuri. Mizani ya kupimia magunia haigeuki kuwa mizani ya dhahabu kwa sababu tu umechora mistari midogo zaidi kwenye uso wake.

Hatua ya 1: Andika upana unaouhitaji kweli

Chukua shinikizo la juu la uendeshaji na uliongezee nafasi kidogo, ili shinikizo la kawaida liangukie takriban kati ya nusu na robo tatu ya kipimo. Mfumo unaofanya kazi kwa bari 0.6, na kufikia bari 0.85 mara chache, unafaa kuwekwa kuanzia sufuri hadi bari 1. Tutautumia mfano huu hadi mwisho wa hatua ya tano.

Kwa matangi, ugeuze urefu wa kimiminika kuwa shinikizo kabla ya kuendelea. Mita moja ya maji hutoa takriban milibari 98, hivyo tangi la maji lenye kina cha mita 2 linahitaji upana wa milibari 196 hivi. Kama kimiminika si maji, zidisha kwa densiti yake ukiilinganisha na ya maji.

Tahadhari: kipimo kisichoanzia sufuri huwachanganya wengi. Transmita ya bari 10 iliyowekwa kupima kuanzia bari 8 hadi bari 10 ina upana wa bari 2, kwa hiyo tandauni yake ni 5:1 na si 1:1. Zaidi ya hayo, usahihi unaotajwa katika karatasi nyingi za data unahusu vipimo vinavyoanzia sufuri, na ni lazima usome masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali kabla ya kuutumia usahihi huo kwa kipimo cha namna hii.

Hatua ya 2: Kokotoa tandauni ya kila transmita

Tuseme muuzaji ana vihisi vya aina tatu: cha bari 2, cha bari 10 na cha bari 40. Kwa upana wetu wa bari 1, tandauni zitakuwa 2:1, 10:1 na 40:1. Kama karatasi ya data inaruhusu hadi 100:1, zote tatu zinakubalika kimaandishi, na hapa ndipo mtu asiye na uzoefu husimama na kuchagua iliyopo stoo. Usisimame.

Hatua ya 3: Tenganisha makosa yanayofuata upana na yanayofuata URL

Fungua sehemu ya utendaji katika karatasi ya data na uisome sentensi kwa sentensi. Kila kosa limeandikwa kwa asilimia, lakini asilimia ya nini? Baadhi ni asilimia ya upana uliowekwa, nayo hupungua unapoubana upana. Mengine ni asilimia ya URL, nayo hubaki vilevile hata ukiubana upana kiasi gani. Haya ya pili ndiyo yanayoleta madhara, na mara nyingi yamewekwa mistari kadhaa chini ya ule usahihi wa kupendeza.

Kwa mfano wetu, tuchukue transmita zenye maelezo ya namna hii, ambayo ni ya kawaida katika aina hii ya ala:

- Usahihi wa msingi: asilimia 0.075 ya upana, hadi tandauni ya 10:1. Zaidi ya hapo, asilimia ya upana inayopatikana kwa kujumlisha 0.025 na 0.005 iliyozidishwa kwa tandauni.
- Athari ya halijoto, kwa kila badiliko la nyuzi 28 za Selsiasi: asilimia 0.0125 ya URL, pamoja na asilimia 0.0625 ya upana.
- Uthabiti, yaani jinsi kipimo kinavyoteleza kadiri muda unavyopita: asilimia 0.125 ya URL katika miaka 5.

Angalia jinsi mstari wa kwanza unavyozungumzia upana, wa pili unavyochanganya vyote viwili, na wa tatu unavyozungumzia URL peke yake. Andika alama kando ya kila mstari kabla ya kugusa kikokotoo.

Hatua ya 4: Geuza kila asilimia kuwa milibari

Hii ndiyo hatua iliyo moyo wa kazi yote, kwa hiyo ifanye polepole. Asilimia hulinganisha kosa na kitu kingine, na kitu hicho kikibadilika, asilimia nayo hubadilika hata kama kosa lenyewe halijasogea. Milibari hazina tatizo hilo. Upana wetu ni milibari 1000.

Transmita ya bari 2, tandauni 2:1. Usahihi wa msingi ni milibari 0.75. Athari ya halijoto ni 0.25 kutoka kwa URL na 0.625 kutoka kwa upana, jumla milibari 0.875. Uthabiti ni milibari 2.5.

Transmita ya bari 10, tandauni 10:1. Usahihi wa msingi bado ni milibari 0.75. Athari ya halijoto ni 1.25 na 0.625, jumla milibari 1.875. Uthabiti ni milibari 12.5.

Transmita ya bari 40, tandauni 40:1. Usahihi wa msingi sasa ni asilimia 0.225 ya upana, yaani milibari 2.25. Athari ya halijoto ni 5 na 0.625, jumla milibari 5.625. Uthabiti ni milibari 50.

Makosa haya hayatokei yote kwa ukubwa wake na kwa upande mmoja kwa wakati mmoja, hivyo desturi ni kuyaunganisha kwa kuchukua mraba wa kila moja, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Ukifanya hivyo utapata takriban milibari 2.8 kwa transmita ya kwanza, milibari 12.7 kwa ya pili na milibari 50 kwa ya tatu. Kwa upana wa bari 1, hayo ni asilimia 0.28, asilimia 1.27 na asilimia 5.

Rudi sasa kwenye usahihi wa msingi peke yake. Transmita ya bari 2 na ya bari 10 zinatoa namba ile ile, milibari 0.75. Anayesoma mstari wa kwanza tu ataapa kwamba ni ala sawa, ilhali baada ya miaka 5 bila kuguswa moja inaweza kukosea zaidi ya mara nne ya nyingine.

Uthabiti ndio uliobeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo, na hapa kalibresheni inaingia katika hesabu. Kwa kuwa mtelezo wa miaka mingi unaweza kurekebishwa, mtambo unaokagua transmita zake mara kwa mara unaweza kuishi na tandauni kubwa kuliko mtambo unaoziacha bila kuguswa. Ukiondoa kabisa mstari wa uthabiti, makosa yanashuka hadi takriban milibari 1.2, milibari 2 na milibari 6.1. Tofauti bado ipo, ila si ya kutisha. Ndiyo maana niliomba uandike muda halisi wa kalibresheni. Ukiandika mwaka 1 na ukaguzi ukafanyika baada ya miaka 4, hesabu yako yote imepotea.

Swali la halali hapa ni hili: kama makosa yanayofuata URL hayapungui, kwa nini tuubane upana hata kidogo? Jibu liko upande wa umeme. Ukiiacha transmita ya bari 10 ipime kuanzia sufuri hadi bari 10, huku mfumo wako haupiti bari 1, mkondo wote utakaotumika ni miliampia 1.6 kati ya 16 zilizopo, na kosa lolote la kadi ya kupokea ishara litahesabika mara kumi zaidi kwenye shinikizo lako. Kuubana upana huondoa udhaifu huo. Lakini pale namba inaposafirishwa kidijitali moja kwa moja, kama kwenye mifumo ya mawasiliano ya FOUNDATION Fieldbus au PROFIBUS PA, faida hiyo karibu inatoweka, na kinachobaki ni uwezo wa kihisi chenyewe.

Hatua ya 5: Pima kosa kwenye shinikizo la chini la uendeshaji

Hadi sasa tumelinganisha kosa na upana mzima. Mtambo, hata hivyo, hauendeshwi kwenye upana mzima kila saa. Tuseme wakati wa usafishaji mfumo hushuka hadi milibari 200. Kosa la milibari 12.7 la transmita ya bari 10 sasa ni zaidi ya asilimia 6 ya kile kinachosomwa, ilhali milibari 2.8 za transmita ya bari 2 ni asilimia 1.4. Lilinganishe kosa hilo na lile uliloandika mwanzoni kwamba unaweza kulivumilia. Likizidi, ondoa transmita hiyo kwenye orodha bila kujali tangazo linasema nini.

Kama huna muda wa kufanya hesabu yote, nakushauri usivuke 10:1 kwa kazi ya kawaida ya udhibiti, na ukae karibu na 3:1 au chini yake pale kipimo kinapogusa fedha au ubora wa bidhaa. Hayo ni maoni yangu ya kikazi na si kanuni ya kiwango chochote, na hesabu ikisema vinginevyo, ifuate hesabu.

Hatua ya 6: Kama unapima mtiririko, anza hesabu upya

Transmita ya tofauti ya shinikizo (inayolinganisha shinikizo la pande mbili) inayofungwa kwenye bamba lenye tundu ndani ya bomba haipimi mtiririko moja kwa moja. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya shinikizo, na jambo hilo linabadilisha kila kitu kwenye mtiririko mdogo. Mtiririko ukishuka hadi nusu, tofauti ya shinikizo hushuka hadi robo. Mtiririko ukishuka hadi sehemu moja ya kumi, tofauti ya shinikizo hushuka hadi sehemu moja ya mia.

Chukua bamba linalotoa milibari 250 mtiririko ukiwa kamili, na transmita ambayo kosa lake lote, ukishalikokotoa kama katika hatua ya nne, ni milibari 0.5.

- Mtiririko wa asilimia 100: tofauti ni milibari 250, kosa la mtiririko ni takriban asilimia 0.1 ya kinachosomwa.
- Mtiririko wa asilimia 50: tofauti ni milibari 62.5, kosa ni takriban asilimia 0.4.
- Mtiririko wa asilimia 30: tofauti ni milibari 22.5, kosa ni takriban asilimia 1.1.
- Mtiririko wa asilimia 10: tofauti ni milibari 2.5, kosa ni takriban asilimia 10.

Transmita haijabadilika hata kidogo kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Mtu anayeahidi kupima mtiririko kwa uwiano wa 10:1 kwa sababu transmita yake ina tandauni ya 100:1 anachanganya mambo mawili: tandauni ya kuweka upana, na uwiano kati ya mtiririko mkubwa na mdogo ambao kipimo kinaweza kuaminika. Ukihitaji kweli kupima mtiririko mdogo hivyo, fikiria transmita mbili zenye upana tofauti kwenye bamba moja, au aina nyingine ya mita ya mtiririko.

Tahadhari: shinikizo la bomba lenyewe nalo husogeza sufuri ya transmita ya tofauti ya shinikizo, na kosa hilo kwa kawaida hutajwa kwa asilimia ya URL. Habari njema ni kwamba linaondoka ukirekebisha sufuri huku vali ya kusawazisha, inayounganisha pande mbili za transmita, ikiwa wazi na pande zote mbili zikiwa na shinikizo la bomba. Mafundi wanaoirekebisha sufuri mezani tu, kabla ya kuifunga, huliacha kosa hilo likae.

Hatua ya 7: Hakikisha kihisi kitaishi

Kuubana upana hakubadilishi kikomo cha shinikizo ambalo kihisi kinaweza kulistahimili. Kikomo hicho ni cha chuma na kiwambo, si cha mipangilio. Linganisha shinikizo kubwa kabisa uliloandika mwanzoni na kikomo cha kupita kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya data, ukikumbuka kwamba kikomo hicho na shinikizo la kupasua kihisi ni namba mbili tofauti. Pale mshtuko wa pampu unapozidi uwezo wa kihisi kidogo, una sababu halali ya kupanda hadi kihisi kikubwa na kukubali tandauni kubwa zaidi. Panda kwa kujua unachokitoa, na uandike sababu hiyo kwenye kumbukumbu ili atakayekuja baada yako asikirudishe kile kidogo.

Tangi lililofungwa lenye gesi ya bari 10 juu ya maji halihitaji transmita ya tofauti yenye URL ya bari 10. URL hapa inahusu tofauti kati ya pande mbili, yaani urefu wa maji; bari 10 za gesi zinalinganishwa na shinikizo la kazi linaloruhusiwa kwenye mwili wa transmita. Kosa hili peke yake huzalisha tandauni za 50:1 zisizo na sababu.

Hatua ya 8: Jiulize utaikagua kwa kifaa gani

Kifaa cha rejea, yaani kile unacholinganishia transmita wakati wa kalibresheni, kinapaswa kuwa bora angalau mara nne kuliko ala inayokaguliwa. Kikalibreta cha bari 20 chenye usahihi wa asilimia 0.025 ya kipimo chake kizima kinaweza kukosea kwa milibari 5. Ukikitumia kukagua transmita iliyobanwa hadi milibari 25, unaweza kuiharibu transmita iliyokuwa sahihi kwa kuirekebisha ifuate kosa la kikalibreta. Kama huna kifaa cha rejea cha kutosha kwa upana mdogo, upana huo hautaweza kuthibitishwa kamwe, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kununua.

Hatua ya 9: Weka upana na uulinganishe na mfumo wa udhibiti

Wajulishe wanaosimamia chumba cha udhibiti na uweke kitanzi (mzunguko wa udhibiti unaotumia kipimo hicho) katika hali ya mkono, yaani kiendeshwe na mtu badala ya mfumo, kabla ya kugusa chochote. Ingiza LRV na URV kwa kutumia kifaa cha mkononi cha HART (mfumo wa kuwasiliana na transmita kupitia waya ule ule wa ishara) au vitufe vya transmita. Kisha badilisha thamani hizo hizo katika mfumo wa udhibiti, pamoja na kengele za tahadhari na vizuizi vya usalama vinavyotegemea kipimo hicho. Mwisho, tia shinikizo la asilimia 0, 25, 50, 75 na 100 ya upana. Ishara inapaswa kuwa miliampia 4, 8, 12, 16 na 20.

Tahadhari: kuweka upana mpya si kalibresheni. LRV na URV hueleza tu ni shinikizo gani litolewe kama miliampia 4 na 20. Kurekebisha kihisi hubadilisha jinsi transmita inavyolitafsiri shinikizo lenyewe, na hufanywa ukiwa na kifaa cha rejea pekee. Anayetumia moja kuponya tatizo la nyingine huzika kosa mahali ambapo itakuwa vigumu kulifukua.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatafuta

*Transmita inakataa thamani ulizoingiza.* Ama upana ni mdogo kuliko upana wa chini unaoruhusiwa, ama LRV au URV imepita vikomo vya kihisi. Angalia pia vizio vya shinikizo: kPa (kilopaskali) 1 ni milibari 10, na bari 1 ni kPa 100, na kosa la kuchanganya hivi viwili hutokea sana.

*Skrini ya transmita inasoma bari 0.6, chumba cha udhibiti kinasoma bari 6.* Transmita imewekwa hadi bari 1 na mfumo wa udhibiti bado unadhani ni bari 10. Ishara ya miliampia 13.6 ni sahihi. Tafsiri yake ndiyo mbovu. Rekebisha mfumo wa udhibiti, usiguse transmita.

*Ishara imeganda karibu na miliampia 20.5.* Kwa transmita zinazofuata NAMUR NE 43 (pendekezo la viwango vya ishara za hitilafu), hiyo ina maana kwamba shinikizo limepita URV, na si kwamba kihisi kimekufa. Hitilafu huonyeshwa kwa miliampia 21 au zaidi, au kwa 3.6 au pungufu. Soma thamani ya kidijitali uone shinikizo halisi, kisha uamue kama upana ulibanwa mno.

*Mtiririko wa nusu unasomeka kama asilimia 71 hivi.* Kipeuo cha pili kinachukuliwa mara mbili, ndani ya transmita na tena ndani ya mfumo wa udhibiti. Kikisomeka asilimia 25, hakichukuliwi popote.

*Kipimo kinatikisika.* Katika tandauni kubwa, mtetemo mdogo wa bomba au viputo vya hewa kwenye mirija inayoleta shinikizo kwenye transmita huonekana kama badiliko kubwa. Toa hewa kwenye mirija yenye kimiminika kwanza, kisha angalia mahali transmita ilipofungwa. Kuongeza muda wa kutuliza ishara kuwe jambo la mwisho, na kusifanywe kwenye kitanzi cha usalama au cha udhibiti wa haraka bila idhini ya anayekisimamia, kwa kuwa huchelewesha taarifa ya shinikizo halisi.

*Sufuri imehama baada ya kufunga.* Kuinamisha kihisi cha shinikizo dogo kunaweza kusogeza sufuri kwa milibari kadhaa. Rekebisha sufuri transmita ikiwa katika mkao wake wa mwisho, na uhakikishe hakuna kimiminika kilichosimama kwenye mrija upande mmoja tu: sentimita 10 za maji ni karibu milibari 10, ambazo kwenye upana wa milibari 25 ni asilimia 39 ya kipimo chote.

*Kipimo kinapanda mchana na kushuka usiku wakati mtambo haujabadilika.* Shuku halijoto. Rudia hesabu ya hatua ya nne kwa tofauti halisi ya joto la mahali hapo. Kama matokeo yanakaribiana na unachokiona, hakuna kilichoharibika. Kama transmita ina viwambo vya mbali vyenye mirija ya mafuta, kumbuka kwamba mafuta hayo hutanuka kwa joto na kuongeza kosa la milibari ambalo halijali upana ulioweka. Ikinge transmita na mirija yake dhidi ya jua na mabomba ya mvuke, na kama bado kosa ni kubwa kuliko unavyovumilia, badilisha kihisi kwa chenye URL ndogo zaidi, ukihakiki tena kikomo cha hatua ya saba kabla ya kuagiza.